Klachi na Mguu wa Dereva: Majibu kwa Wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka kwa wasomaji wa mwambao wa kaskazini, na zote zinahusu kiungo kimoja cha gari la gia za mkono. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika yu karibu kutoa fedha zake, na kwa sababu mengi yanayohitajika katika majibu yanayofuata yamo humo.

SWALI: Salaam aleikum, mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Barani, Malindi. Leseni yangu niliipata kwa gari la gia za mkono, na sasa nataka kununua gari langu la kwanza. Nimeonyeshwa Toyota Probox ya manuali ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikileta samaki mjini kutoka Ngomeni, na kihesabu chake kinaonyesha kilomita 142,000. Mwenye gari ananiambia kuwa klachi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijaguswa, na kwamba hiyo ni dalili ya gari zuri. Kaka yangu anashikilia kuwa klachi ya kilomita hizo imekwisha na nisiliguse gari hilo. Naomba mnieleze: klachi huishi kilomita ngapi, nitaijuaje hali yake kabla sijalipa, na nikishalinunua gari niitunze vipi? (Mwalimu wa Barani, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam, dada mwalimu. Mwenye gari na kaka yako wanatofautiana, lakini wote wawili wanaitafuta hali ya klachi mahali pasipo na jibu, yaani kwenye kihesabu cha kilomita. Katika magari madogo, klachi nyingi hudumu kati ya kilomita 80,000 na 160,000. Wapo madereva wanaopita 200,000 kwa klachi waliyoikuta ndani ya gari, na wapo wanaoimaliza kabla ya 30,000. Ndiyo maana ratiba za matengenezo za watengenezaji wengi hutaja kilomita za kubadilisha oili na filta, lakini za kubadilisha klachi hazitajwi. Mtengenezaji hawezi kujua gari lake litaangukia mguu wa nani.

Ili uelewe tofauti hiyo inatoka wapi, fuata kwanza namna klachi inavyofanya kazi. Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili, nalo huzunguka muda wote injini inapowaka. Limegusana na sahani nyembamba iliyovishwa utando wa msuguano pande zote mbili, na sahani hiyo imeshikana na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Juu ya sahani hukaa presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi yake huibana sahani dhidi ya flaiwili. Pedali ikiwa juu kabisa, vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja na hakuna kinacholika. Pedali ikiwa chini kabisa, sahani huwa huru, na utando wake hauliki pia. Utando hulika katikati tu, katika ule muda ambao flaiwili inakwenda mbio na sahani bado inaifukuzia. Ukivibana viganja vyako viwili visisogee hutasikia joto lolote, lakini ukivisugua huku umevibana vitakuchoma. Klachi nayo huungua kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo umwulize mwenye gari limeondoka kutoka kusimama mara ngapi, likiwa na mzigo gani, na likiendeshwa na akina nani. Gari lililotumia miaka yake kwenda Mombasa na kurudi, safari ya takriban kilomita 120 kila upande, hupita mwendo mrefu baina ya Gede na Kilifi klachi ikiguswa penye matuta tu na pale dereva anapopunguza mwendo. Gari lenye kilomita hizo hizo lililokuwa likisambaza soda kutoka duka hadi duka, likisimama na kuondoka kila baada ya mita mia mbili, limeisugua klachi yake mara nyingi zaidi. Vihesabu vyao vinalingana, lakini klachi zao hazilingani hata kidogo.

Gari la samaki lina mambo mawili yanayonitia wasiwasi zaidi kuliko kilomita zake. La kwanza ni uzito, kwa sababu samaki hawasafiri peke yao, husafiri na barafu. Joto linalotoka kila gari linapoondoka huongezeka pamoja na uzito, na gari likielemewa hadi uzito wake wote ukawa mara mbili, joto kwenye klachi nalo huwa karibu mara mbili. La pili ni haraka. Samaki hawangoji, na dereva mwenye haraka huondokea gia ya pili ili asipoteze muda wa kubadilisha. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini fikiria hesabu yake. Kwa mzunguko ule ule wa injini, gia ya pili ya magari mengi madogo hulipeleka gari kwa mwendo unaokaribia mara mbili ya ule wa gia ya kwanza, na joto linalozaliwa kwenye klachi hufuata kipeo cha pili cha mwendo ambao sahani na flaiwili hukutana. Matokeo yake ni kwamba kuondoka kwa gia ya pili huichoma klachi zaidi ya mara tatu kuliko kuondoka kwa gia ya kwanza. Kama njia ya kutokea ufukweni ni ya mchanga, ambako gurudumu linazama na dereva anacheza na pedali ili lisikwame, basi hata hesabu hiyo inakuwa ya huruma.

Hayo yote ni makisio kuhusu gari nisiloliona. Hali halisi utaipata kwa kulijaribu, na majaribio yenyewe hayahitaji chombo chochote isipokuwa masikio, pua na mguu wako. Nenda asubuhi, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu beringi zilizochoka husikika zaidi injini ikiwa baridi. Washa gari likiwa kwenye nyutro, usikanyage chochote, na usikilize. Kisha kanyaga klachi polepole hadi chini. Mlio unaoanza pale unapokanyaga na kunyamaza unapoachia ni wa beringi ya klachi, ile inayoisukuma springi ya presha pleti pedali inapokanyagwa. Mlio unaosikika pedali ikiwa juu na kunyamaza unapokanyaga mara nyingi unatoka kwenye beringi ya shafti ya giaboksi, na huo ni ugonjwa mwingine wenye gharama nyingine. Usikubali kuambiwa kuwa yote hayo ni klachi tu.

Pedali ikiwa bado chini, hesabu hadi tano, kisha tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii sawasawa, na sababu yake yaweza kuwa hewa au uvujaji kwenye mfumo wa mafuta ya klachi (katika magari ambayo pedali huisukuma klachi kwa mafuta), kebo iliyolegea (katika yale ambayo pedali huivuta klachi kwa kebo), au sahani yenyewe iliyopinda. Baada ya hapo ondoka taratibu kwa gia ya kwanza mahali tambarare, ukiangalia pedali inaanza kushika ikiwa wapi. Katika magari mengi, pedali inayoshika karibu na mwisho wake wa juu inaonyesha kuwa utando umeliwa sana. Gari likitetemeka linapoondoka, shuku oili iliyoingia kwenye sahani, flaiwili iliyoungua madoa, au mipira ya injini iliyochoka. Kwa hilo fundi anapaswa kutazama chini ya gari kama kuna oili inayochuruzika mahali injini inapoungana na giaboksi.

Jaribio lenye uzito kuliko yote ni la barabarani. Injini ikishapata moto, ingia kwenye barabara kuu mahali palipo wazi, endesha kwa kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta yote kwa sekunde chache. Klachi iliyo hai itaunganisha sauti ya injini na mwendo wa gari, vyote vikapanda pamoja. Klachi iliyokwisha huifanya injini ipige kelele na sindano ya mizunguko ipande haraka, huku gari likiongeza mwendo kwa uvivu. Hapo ndipo klachi inapoteleza, na kwa klachi inayoteleza kwa kulika hakuna dawa ya kurekebisha zaidi ya kubadilisha, ila kwa gari la kebo, ambalo kebo yake pengine imekazwa kupita kiasi. Lijaribu gari likiwa na mtu au wawili zaidi ndani, kwa sababu klachi iliyo ukingoni hujificha gari likiwa tupu. Wako wanaopendelea jaribio la kusimama, ambapo unavuta breki ya mkono, unatia gia ya tatu, unaongeza mafuta kidogo na kuachia pedali ili uone kama injini itazima. Ikizima mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Jaribio hilo ni la kweli, lakini lifanywe mara moja tu na katika eneo lisilo na mtu mbele ya gari, maana kulirudia rudia ni kuichoma klachi ya mtu mwingine.

Tazama pia mpira wa pedali ya klachi na ule wa breki. Mpira uliolika hadi chuma katika gari linalodaiwa kuwa na kilomita chache ni ushahidi kinyume na kihesabu, na mpira mpya kabisa katika gari kuukuu unastahili kuulizwa pia.

Kuhusu maneno kwamba klachi haijawahi kuguswa, mimi siyahesabu kuwa sifa wala kasoro. Ningefurahi zaidi kama angekuonyesha risiti ya klachi iliyobadilishwa mwaka jana na fundi anayejulikana. Gari likifaulu majaribio yote, linunue kwa bei ya kawaida na uwe tayari kwa klachi siku yoyote katika miaka michache ijayo. Likiteleza au likikwaruza, usilikimbie kwa sababu hiyo peke yake, kwa kuwa klachi hubadilishika na gari likaendelea na maisha. Lakini kwanza uliza katika karakana mbili za mjini gharama ya seti nzima pamoja na kazi ya kushusha giaboksi, kisha kiasi hicho kitoke kwenye bei kabla hujatia sahihi. Ahadi ya kuwa "nitakutengenezea baadaye" usiipokee. Akikataa kabisa gari lijaribiwe barabarani, rudi nyumbani na fedha zako.

Sasa matunzo. Sehemu kubwa ya matunzo ya klachi haifanywi na fundi, inafanywa na wewe ukiwa umeketi. Ukishatia gia na pedali ikapanda, uondoe mguu kabisa na uuweke sakafuni. Madereva wengi wapya huuacha mguu ukipumzika juu ya pedali, wakiamini hawaikanyagi, ilhali uzito wa mguu peke yake unatosha kuigusisha beringi ya klachi na springi muda wote, na katika gari ambalo pedali yake haina tena uchezo wa kutosha (yaani ile nafasi pedali inayosogea bure kabla haijaanza kuigusa klachi), kuipunguzia sahani nguvu ya kubanwa. Penye foleni, tuseme pale Mtwapa jioni, tia nyutro, vuta breki ya mkono na uachie pedali. Anayengoja dakika nzima akiwa ameikanyaga klachi haumalizi utando, lakini anaimaliza beringi, na beringi ikifa giaboksi inashuka kama kawaida, gharama ya kazi ikiwa ile ile.

Malindi ni tambarare, na hiyo ni baraka kwa anayejifunza. Mtihani wako utakuwa siku utakaposhuka Likoni kungoja feri na foleni ikasimama mteremkoni, au utakapotoka kwenye feri ukipanda nyuma ya lori. Usilishikilie gari mlimani kwa kusawazisha klachi na mafuta, hata kama anayefanya hivyo anaonekana hodari. Gari limesimama, injini inazunguka, na tofauti yote ya mwendo inageuka kuwa moto kwenye sahani. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua pedali hadi usikie gari linataka kwenda, kisha ushushe breki. Jifunze hilo mahali penye mwinuko mdogo usio na magari kabla hujaenda Mombasa. Kurudi nyuma kupanda mlima ni kubaya zaidi, kwa sababu rivasi ya magari mengi haina mwendo wa polepole unaopungua chini ya gia ya kwanza, na dereva huwa na woga wa kuiachia pedali. Fanya kwa kifupi, au geuza gari.

Chini ya boneti kazi ni ndogo. Kama klachi ya gari inaendeshwa kwa mafuta, mafuta yenyewe ni yale ya breki, na katika magari mengine kikopo ni kimoja kwa yote mawili. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Yakipungua ghafla kuna mahali yanavuja. Usiridhike na kuongeza. Kama gari ni la kebo, mwambie fundi apime uchezo wa pedali kila gari linapofanyiwa sevisi na aurekebishe kwa kipimo kilicho katika kitabu cha gari, maana kadiri utando unavyolika ndivyo uchezo huo unavyopungua, na ukifika sifuri klachi huanza kuteleza hata kama bado ina utando.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Lamu. Pikapu yangu huiacha bara, Mokowe, ninapovuka kisiwani, na mara nyingine hukaa wiki tatu au mwezi bila kuwashwa. Mwezi uliopita, baada ya mvua za masika, niliwasha ikawaka vizuri, lakini gia zilikataa kuingia kabisa ingawa pedali ilikuwa na uzito wake wa kawaida. Nikizima injini gia zote zinaingia. Fundi mmoja aliniambia klachi imekufa na ninunue mpya. Kilomita zake ni chache na kabla ya hapo haikuwa na tatizo lolote. (Msomaji wa Langoni, Lamu)

JIBU: Ndugu yangu, kwa maelezo uliyoyatoa sidhani klachi yako imekufa, nadhani imegandana. Flaiwili na presha pleti ni za chuma, na gari linaposimama sahani hubaki imebanwa katikati yao. Upepo wa bahari unabeba chumvi, masika yanaongeza unyevu, na kutu nyembamba inayoota juu ya chuma huishika sahani. Unapokanyaga pedali, presha pleti inaachia kama inavyotakiwa, lakini sahani inabaki imeng'ang'ania flaiwili na kuendelea kuizungusha shafti ya giaboksi, na ndiyo sababu gia hazikubali kuingia injini ikiwaka lakini huingia ikizimwa.

Kabla ya kukubaliana nami, fundi athibitishe mambo matatu: kikopo cha mafuta ya klachi kimejaa, hakuna uvujaji kwenye masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedali) wala silinda ile ya chini karibu na giaboksi, na mkono wa klachi unasogea kweli mtu anapokanyaga pedali. Ukisogea kwa kipimo chake, tatizo liko ndani.

Namna ya kuigandua ni hii, na ninakuomba uifanye pamoja na fundi katika uwanja mpana usio na watu, si pale penye magari na abiria wa boti. Injini iwashwe kwenye nyutro hadi ipate moto, kisha izimwe. Tia gia ya pili, kanyaga klachi hadi chini, na uwashe. Gari litaondoka papo hapo kwa nguvu ya stata, na dereva lazima awe amejiandaa kwa hilo. Akiwa bado ameikanyaga klachi, aongeze mafuta na kuachia kwa kupokezana, na kugusa breki mara moja moja, hadi ule mshiko wa kutu ukatike. Mara nyingi hukatika ndani ya mita chache, na dereva husikia gari limekuwa jepesi ghafla. Isipokatika baada ya majaribio machache, acha. Kulazimisha kunaweza kuupasua utando, na hapo giaboksi itashuka hata hivyo.

Ikiachia, liendeshe kidogo na uondoke mara kadhaa kwa utaratibu ili kutu iliyobaki ifutike. Kwa siku zijazo, mtafute mtu mwaminifu wa Mokowe mwenye leseni alipashe gari moto mara moja kwa wiki, alisogeze mbele na nyuma, akikanyaga na kuachia klachi. Kuliwasha na kulizima bila kulisogeza hakutoshi. Usilisimamishe kwa muda mrefu mara tu baada ya kupita kwenye maji ya mafuriko. Liendeshe kwanza likauke. Na kwa kuwa kutu hiyo hiyo hushika pia breki, ukiacha gari wiki nyingi mahali tambarare ni afadhali uliache kwenye gia na uweke mawe au vigingi kwenye magurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono.

SWALI: Ninaendesha van ya watalii kutoka Watamu. Klachi imeisha na fundi wangu anataka kuweka sahani peke yake, anasema presha pleti na beringi bado ni nzima na hakuna haja ya kupoteza fedha. Tajiri wangu amekubali. Je, ni sawa? (Dereva wa Watamu)

JIBU: Si sawa, bwana, na ninatumaini utamwonyesha tajiri wako ukurasa huu kabla kazi haijaanza. Katika kubadilisha klachi, sehemu kubwa ya kazi ni kuishusha giaboksi na kuirudisha. Sahani, presha pleti na beringi vimefanya kazi muda ule ule na kupata joto lile lile. Ukibadilisha kimoja na beringi ikalia baada ya miezi mitatu, utalipa kazi nzima upya, na van itakaa karakana siku ambazo watalii wanaisubiri. Nunua seti kamili, na uinunue katika duka linalotoa risiti na linalokubali kurudishiwa. Majina kama Aisin, Exedy na Valeo ni ya watengenezaji wa klachi wanaojulikana, lakini kwa sababu majina hayo yanajulikana, maboksi yake huigwa pia. Usinunue boksi kwa rangi yake. Fundi aiweke sahani mpya kando ya ile ya zamani kabla ya kufunga chochote, akilinganisha upana wake na idadi ya meno ya katikati.

Giaboksi ikiwa chini, yako mambo mengine ambayo dereva anayejali gari lake asiyaache yapite. Oili sili ya nyuma ya injini, yaani kile kizibo kinachozuia oili isivuje, itazamwe, na kama kuna hata unyevunyevu wa oili ibadilishwe hapo hapo, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na sahani mpya itakayoharibiwa na matone yake. Uso wa flaiwili uchunguzwe kama una mikwaruzo, nyufa au madoa ya buluu ya kuungua. Flaiwili ya kipande kimoja inaweza kupelekwa kwa mkerezaji ikasawazishwa. Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, na hiyo kwa kawaida haikerezwi. Ikichoka hubadilishwa, na gharama yake inaweza kuishinda ile ya klachi yenyewe, kwa hiyo ulizia mapema van yako ina ipi.

Kama mnataka kujua sahani ya zamani ilikuwa imefika wapi, fundi apime kina kutoka uso wa utando hadi vichwa vya ribiti, yaani vile vijisumari vinavyoushikilia utando kwenye sahani. Vitabu vya ufundi vya Toyota, kwa mfano, huweka mwisho wake kwenye milimita 0.3. Chini ya hapo ribiti huanza kukwangua flaiwili, na gari linalosukumwa hadi kufikia hapo humlipisha mwenyewe mara mbili. Jambo la mwisho kwa fundi wako: vumbi lililomo ndani asilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Utando wa klachi za zamani uliweza kuwa na asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu, na hakuna awezaye kuitambua kwa macho. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

SWALI: Nikipita kwenye mchanga wa Mambrui nasikia harufu kali ya kuungua, kama ya kitambaa kilichoachwa chini ya pasi. Rafiki zangu wananiambia ni kawaida. Nifanyeje? (Msomaji wa Mambrui)

JIBU: Hiyo ni harufu ya utando wa klachi, na haipaswi kuzoeleka. Ukiisikia, simama, acha kucheza na pedali, na uiache klachi ipoe kwa robo saa au zaidi, injini ikizunguka polepole kwenye nyutro na mguu wako ukiwa sakafuni. Klachi iliyopata moto mara moja na kuachwa ipoe mara nyingi hurudia hali yake. Ile inayolazimishwa kuendelea ikiwa ya moto hung'aa kama kioo usoni na haishiki tena.

Kabla ya kuingia mchangani, punguza upepo wa magurudumu, kwa mfano kutoka paundi 32 hadi 20 au chini kidogo, ili yatandae badala ya kuchimba, na usisahau kuujaza tena utakaporudi lamini. Ingia ukiwa tayari kwenye gia utakayotumia, uachie pedali kabisa, na uende kwa mwendo usiobadilika bila kusimama. Gari likizama, usijaribu kulitoa kwa nusu klachi. Shuka uchimbe mchanga mbele ya magurudumu, weka makuti au mbao chini yake, omba watu wasukume, kisha uondoke kwa gia ya kwanza ukiinua pedali moja kwa moja hadi juu. Kama gari lako lina gia za chini za kuvuta magurudumu yote manne, zitie kabla hujazama. Na kama harufu hiyo imekwisha kukutokea mara kadhaa, lifanyie jaribio la gia ya nne tulilomweleza mwalimu wa Barani hapo juu, wiki hii, kabla ya safari yoyote ndefu.